Kwenda Masama Kumwuliza Kalisti

Jamani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja ananikamata bombani, mwingine kwenye foleni ya sabuni, na kila mtu anaondoka na kipande chake anakitia chumvi apendavyo. Juzi nimesikia eti Mama Deo alimzaba mtu kibao kule Masama. Hakumzaba mtu. Kwa hiyo nayaandika yote hapa mara moja, Zuhura wangu atawasomea wasioona herufi vizuri, na baada ya hapo mniache nishone.

Mama Deo mnamfahamu, yule mpalizi wa miwa anayekaa nyumba ya mwisho ya kambi yetu hii ya shamba la miwa, karibu na mfereji. Wote tulimwita Muha kwa sababu mwenyewe alisema ametoka Kigoma. Si Muha. Ni wa Burundi, alivuka mwaka ule wa mauaji na nguo aliyovaa. Ameniruhusu niwaambie. Amesema amechoka kuwa Muha.

Deo ni mwanawe wa kwanza. Hamjapata kumwona kwa sababu hakufika naye huku. Alikuwa anasoma sekondari, na mwaka ule kwao waliosoma wa upande wake walikuwa wanakamatwa. Nikamwuliza upande gani? Akasema upande tu, Mama Zuhura, lugha ni moja, kanisa ni moja, soko ni moja. Basi siku moja gari likasimama barabarani, akateremka karani mmoja wa pale kwao anaitwa Kalisti, akaita jina la Deo mlangoni. Akasema wanafunzi wanatakiwa kwenye mkutano mfupi. Deo akaacha maharage kwenye sahani, akaenda. Gari likaondoka, na mpaka leo mama yake hajui lilikwenda wapi.

Sasa mwaka huu mama mmoja muuza ndizi wa Kilema alimsikia Mama Deo akiongea peke yake shambani kwa lugha ya kwao, akamwambia kwetu misheni kuna fundi seremala anaongea hivyo hivyo, ana kidole kimoja pungufu, jina lake Kalisti. Mama Deo akaja kwangu na jembe mkononi, hakulitua hata chini. Hakutaka Kalisti afungwe, hakutaka wala radhi yake. Alitaka kujua kitu kimoja, Deo yu hai au amekufa. Padri akija kusalisha hapa kambini huombea marehemu, na miaka yote hii yeye hukaa kimya, hajui amtaje au asimtaje.

Mimi nilizaliwa Bondeni, Moshi mjini, Kichaga nakisikia kidogo na mdomo ninao. Nikamwambia twende.

Kambini hadi Moshi, juu ya lori la molasi

Tulitoka kwa lori la molasi, au niseme tulikaa juu ya lori la molasi, maana halikutoka. Dizeli hakuna. Dereva akasema subirini, naye akalala chini ya lori. Nzi walioifuata molasi, ile asali nyeusi ya kiwandani, walitufurahia sana siku ile. Mama Deo alikuwa amevaa lile gauni la kitenge nililomshonea la Pasaka, na kwenye kikapu alikuwa na sukari ya mgawo aliyoiweka tangu mwezi uliopita ili asiende kwa watu mikono mitupu.

Akawa anafanya mazoezi ya swali lake. "Kalisti, gari lile lilikwenda wapi?" Kisha anabadili, "Kalisti, Deo mlimpeleka wapi?" Kwa Kiswahili. Nikamwambia we mama, mnayo lugha yenu, kwa nini ujisumbue?

"Kwa lugha yetu nitalia," akasema. "Tena nataka na wewe usikie. Nikisikia peke yangu kesho nitasema niliota."

Dizeli ikapatikana, sijui wapi, na sikuuliza. Mjini tulifika basi la Himo limeshaondoka. Tukalala kwa dada yangu Bondeni, na dada yangu, mnamjua mdomo wake, akamwuliza Mama Deo kwa nini Waha wanapenda sana mawese. Mama Deo akajibu vizuri kabisa, kama Muha.

Barabara ya Himo, kwenye kizuizi

Mnajua kwamba mpaka wa Kenya pale Holili umefungwa, na kwamba kila anayeelekea Himo na kikapu anahesabiwa mfanya magendo mpaka ajitetee. Mimi nilijua. Sukari nilisahau kabisa.

Basi likasimamishwa. Mgambo akapanda, kijana wa watu, shati limemzidi. Akafunua kikapu cha Mama Deo, akachovya kidole, akalamba. "Sukari hii inakwenda Taveta."

"Inakwenda misheni Kilema," nikasema. "Ni zawadi."

"Zawadi ya Taveta. Teremkeni."

Tukateremka. Basi nalo likaenda zake. Akamgeukia Mama Deo. "Wewe mama, kabila gani?"

"Ndugu mgambo," nikasema, "si tuliambiwa hatuulizani makabila? Sisi sote ni ndugu."

"Ni ndugu ndiyo," akasema. "Lakini ndugu wa kabila gani?"

Nikacheka, naye karibu acheke. Nikageuka ili nicheke na Mama Deo, nikaona ameketi chini barabarani. Hakuwa amechoka. Miguu ilikuwa imemkataa. Mikono ameiweka kichwani, macho yanatazama miguu ya yule mgambo, na lile gauni la Pasaka limelowa. Ndipo nilipoelewa kwamba alikotoka yeye, mtu akikusimamisha barabarani na kukuuliza kabila, haulizi kwa ajili ya sukari.

Yule kijana akaogopa. Akasema, "Mama, shikamoo. Mama, nenda tu." Sukari lakini akabaki nayo. Nilimfunga Mama Deo kanga yangu kiunoni, tukakaa pembeni mpaka miguu ikamrudia. Nilitaka turudi nyumbani. Naapa nilitaka. Akasema yeye akirudi leo hatatoka tena kambini mpaka azikwe.

Kilema

Kupanda Kilema kwa miguu ni adhabu kwa sisi watu wa tambarare. Njia nyekundu, mvua ya rasharasha, migomba pande zote, mifereji inapiga kelele chini ya kahawa. Kila tuliyekutana naye alitusalimu na kutuuliza tunakwenda kwa nani, na tulipojibu "kwa Kalisti," walitutazama vizuri zaidi. Mama mmoja akatuita jikoni kwake, akatupa kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, cha moto. Mama Deo alikula kidogo akasukuma bakuli. Maharage, akasema. Sikumlazimisha.

Misheni sista alitupokea kwa ukarimu mkubwa, na kwa vile hatukuwa tumesema neno alimpeleka Mama Deo moja kwa moja kwenye foleni ya wagonjwa wa macho. Nikaenda kumtafuta mtoto wa watu, nikamkuta ameshatiwa dawa, machozi yanamtiririka, anasema, "Mama Zuhura, simwoni hata Kalisti akipita." Tulicheka siku ile, jamani. Ndiyo mara ya mwisho tulipocheka.

Sista alipoelewa tunamtafuta nani, uso ukabadilika. Akasema Kalisti aliwatengenezea mabenchi yote ya kanisa. Fundi mzuri, mtu wa sala, hanywi. Lakini hayupo. Aliondoka tangu masika, amechukuliwa na mzee mmoja wa Masama, Mlutheri, anamtengenezea milango na kumlimia kahawa.

"Kwa nini aliondoka?" nikauliza.

"Kila akikaa mahali, akisikia kuna mtu wa kwao karibu, anahama," akasema sista. Kisha akamwuliza Mama Deo, "Ni ndugu yako?"

"Ndiyo," akasema Mama Deo. "Ni ndugu."

Masama iko upande mwingine kabisa wa mlima, kwa hiyo njia yote ile tuliyopanda tukaishuka, mpaka Himo, mpaka Moshi.

Kwa Sadala na kupanda Masama

Kutoka Moshi tulipata lori la mbolea la chama cha wakulima hadi kituo cha Kwa Sadala, chini ya Masama. Siku ya soko. Sabuni hakuna, betri hakuna, ndizi zimejaa mpaka barabarani. Nilimnunulia Mama Deo uji, akaushika mpaka ukapoa. Akaniuliza, "Akinikana je? Akisema yeye siye?"

"Pengo la kidole si lipo?"

"Lipo," akasema. "Nilimpa maji mlangoni kwangu, nikaliona kikombeni."

Tulipanda. Sitawaeleza njia, ni ile ile, migomba na kahawa na matope. Nitawaambia tu kwamba Mama Deo alikuwa mbele, na mimi mwenye mdomo wangu nikawa nyuma nahema tu.

Kihambani kwa Mzee Aminieli

Huyu mzee Aminieli, nataka mjue tangu mwanzo, ni mtu mwema. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alizipokea shikamoo zetu kwa mikono miwili, akamwita mkewe, Bibi Ndeanasia, akatuwekea viti vipya kabisa, kazi ya Kalisti. Aliposikia tumetoka wapi akatuma mtu amwite Kalisti shambani.

Kalisti akaja. Kichwa kimejaa mvi, mwembamba, kofia mkononi. Alimwona Mama Deo, na kabla hajaambiwa jina wala mahali alipotoka akapiga magoti penye majani ya ng'ombe. Hakumjua. Naapa hakumjua. Alijua tu ni mtu wa kwao, na kwamba siku yenyewe imefika.

Mama Deo akafungua mdomo, lile swali likakwama. Mzee Aminieli akaona hali ile akasema pole pole, tule kwanza, tuongee kama watu. Alasiri ilikuwa inanipita. Nikaomba maji, nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe kuswali. Sikukaa huko. Ni sala tu na kufunga kanga yangu vizuri.

Niliporudi nilisikia vigelegele. Majirani wamejaa uani, kibuyu cha mbege, pombe yao ya ndizi, kinazunguka, Bibi Ndeanasia analia kwa furaha na amemkumbatia Mama Deo. Na Mama Deo ameketi katikati yao, mkononi ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo.

Ninyi mliotoka mikoani hamlijui jani hilo. Ni isale. Wachaga wanalipanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yao ya ukoo, na makaburini. Mtu akikukosea, hata kama amekuulia mtu wako, akatafuta mzee akuletee isale lililofungwa, huwezi kulikataa. Ukilipokea umesamehe, na jambo lile halitajwi tena na mtu yeyote. Limezikwa. Nikiwa nyuma ya banda, Kalisti alimwambia mzee kwamba aliwakosea watu wa kwao, na mzee alikuwa ameenda mpakani mwa kihamba chake mwenyewe, amelichuma, amemwambia Mama Deo, "Mama, pokea." Na Mama Deo kwa adabu ya kwao, ambako kitu cha mzee hupokewa kwa mikono miwili, akapokea kwa mikono miwili.

Alikuwa akinitazama na kutabasamu kidogo. Alidhani amekaribishwa. Akaona sasa ndiyo nafasi yake, akalisema swali lake lote bila kukosea: "Kalisti, gari lile lilikwenda wapi? Deo yu hai au amekufa?"

Mzee Aminieli akatikisa kichwa kwa upole. "Aa, mama. Hayo yamekwisha. Umepokea mwenyewe, na watu wameona. Sasa ukiuliza tena unayafukua."

"Yamekwisha yapi?" akaniuliza Mama Deo.

Nikamweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sauti, mbele yao wote, maana hasira ilikuwa imenifika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaliweka lile jani mapajani mwa mzee, taratibu, kama unavyomrudishia mtu mtoto wake.

"Nisamehe baba," akasema. "Jani lenu sikulijua. Mimi sikuja kusamehe. Nimekuja kuuliza. Nikijibiwa, ulilete tena, nitalipokea."

Mama mmoja akashika mdomo. Mwingine akasema, "Amerudisha isale!" Wakaweka vibuyu chini, wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, kama watu wanaokimbia nyumba yenye ndui. Bibi Ndeanasia akajifunika uso. Mzee akasema tangu azaliwe hajaona jambo kama lile. Alikuwa amefanya jambo kubwa kuliko yote anayoyajua, nalo ndilo lililoharibu.

Tukabaki sisi watano. Kalisti bado yuko magotini. Akasema, "Mama, nitasema kweli. Niliwaita wengi. Niliambiwa ita, nikaita, maana asiyeita alikuwa anapandishwa garini na yeye. Baadaye wakanitaka nimwite shemeji yangu, ndipo nikakimbia. Gari nililiona likiondoka. Lilikokwenda sikufika. Na huyo Deo..." Akaikunja kofia yake. "Deo simkumbuki."

"Ulikunywa maji yangu," akasema Mama Deo.

"Nilikunywa maji katika nyumba nyingi, mama."

Jamani. Yeye amekaa na uso wa mtu huyu miaka yote, asubuhi na jioni, akipalilia, akipika, akisali. Na mtu mwenyewe hana hata jina la mtoto.

Basi Mama Deo akaanza kumkumbusha. Akasogea, akaketi chini mbele yake. Mrefu, alisema, mrefu kuliko baba yake. Ana mwanya hapa mbele. Anashika kalamu mkono wa kushoto, walimu walimpiga hakuacha. Akicheka anakohoa. Alikuwa anatafuna bado alipotoka. Alisema, "Mama nakuja sasa hivi." Anasema na kumtazama, anasema na kumtazama, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Kalisti machozi yanamtoka. Mara akainua kichwa. "Ngoja. Mwenye mwanya? Ndiyo. Ndiyo, mama, huyo namkumbuka! Niliambiwa baadaye na mlinzi wa gari. Kabla ya daraja gari lilikwama kwenye tope, kijana mmoja mrefu mwenye mwanya akaruka, akakimbilia kwenye mafunjo. Wakapiga risasi, hawakumpata. Alikimbia, mama. Alivuka."

Bibi Ndeanasia akapiga kelele, "Asante Yesu!" Mzee akasimama. Na mimi, Mwislamu wa watu, nikajikuta nimemshika mkono yule bibi na kulia naye. Nilikwisha kuwaza tutamtafuta wapi, Kigoma, Tabora, kwenye makazi yale ya wakimbizi.

Mama Deo peke yake hakusogea. Akamwuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa bado na sweta yake nyekundu?"

"Ndiyo mama," akasema Kalisti haraka. "Nyekundu. Ndiyo iliyoonekana ikipotelea kwenye mafunjo."

"Deo hakupata kuwa na sweta," akasema Mama Deo.

Ng'ombe alikuwa anatafuna bandani. Kalisti akainamisha kichwa mpaka kikagusa majani, akasema, "Nilitaka upate usingizi, mama."

Kushuka

Bibi Ndeanasia alitusihi tulale, Mama Deo akakataa kwa heshima. Alimpa Kalisti mkono. Sijui kwa nini, na sikumwuliza. Tulilala Kwa Sadala kwenye baraza la mashine ya kusaga, asubuhi tukapata gari la Moshi, kisha tela la miwa linalorudi tupu. Njia nzima hakusema neno, nami niliziba mdomo wangu, jambo ambalo mume wangu haamini.

Mnaniuliza mmwambie nini mkikutana naye. Mimi mwenyewe sijui. Pole tunampa aliyefiwa, na yeye hajui kama amefiwa. Jumapili padri alikuja, akaombea marehemu, na Mama Deo akakaa kimya kama zamani.

Ila tulipokuwa juu ya lile tela, tunauona moshi wa kiwanda, alinishika mkono. Nilidhani anataka tusimame. Akasema, "Mama Zuhura, ningerudi na mtoto aliyekimbilia mafunjoni. Kwa nini niliuliza habari ya sweta?"